Ushabiki, Takhmisi na Raha ya Kusoma: Maoni ya Msomaji wa Riwaya za Vijana

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kwa muda mrefu kuzigawa riwaya katika makundi mawili makuu: riwaya dhati, inayochimbua matatizo mazito ya jamii, na riwaya pendwa, inayodaiwa kumstarehesha msomaji tu. Mgawanyo huu una manufaa yake darasani, lakini una hasara moja isiyozungumzwa sana. Unaifanya raha ya msomaji ionekane kuwa dalili ya udhaifu wa kazi. Makala haya mafupi si uchambuzi wa kinadharia. Ni maelezo ya msomaji mmoja, ambaye kazi yake ni kufundisha fasihi, juu ya sababu zinazomfanya azipende riwaya za vijana zinazosimulia ushabiki, mapenzi na safari za kifantasia. Na juu ya yale ambayo riwaya hizo zimemfunza kuhusu fasihi yetu wenyewe.

Nitajikita katika kazi mbili za Rainbow Rowell, mwandishi wa Kimarekani kutoka Omaha, Nebraska, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa safu gazetini. Kazi ya kwanza ni Fangirl, iliyotoka mwaka 2013. Mhusika mkuu wake, Cath, anaingia mwaka wa kwanza chuo kikuu pamoja na pacha wake, Wren, ambaye hataki tena walale chumba kimoja. Cath ni mwoga wa watu, lakini katika intaneti ana wasomaji maelfu. Anaandika hadithi ndefu inayowatumia wahusika wa mfululizo mashuhuri wa vitabu kuhusu mchawi kijana aitwaye Simon Snow. Mfululizo huo haupo duniani. Rowell ameubuni pamoja na mwandishi wake, na kati ya sura na sura ametia vipande vyake na vipande vya hadithi ya Cath. Msomaji anasoma hivyo riwaya moja yenye waandishi watatu, na wawili kati yao ni wa kubuni.

Mgogoro ulionivutia zaidi ni ule wa darasani. Cath anawasilisha hadithi ya Simon Snow kama zoezi la somo la uandishi wa kubuni. Mwalimu wake, profesa anayemheshimu sana, anaikataa na kusema kwamba kuchukua wahusika wa mtu mwingine ni wizi wa kitaaluma. Cath anashangaa: maneno yote ni yake, matukio ni yake, alichoazima ni watu na ulimwengu wao. Nani ana haki?

Msomaji aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili hawezi kulipita swali hili harakaharaka. Sisi tuna takhmisi. Mtunzi huchukua beti za mshairi aliyemtangulia, akaongeza mishororo mitatu yake juu ya miwili ya mwenzake, ikawa mitano. Mfano unaojulikana sana ni takhmisi ya mashairi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Nasir, huyo huyo tunayemhusisha na Al-Inkishafi. Hakuna mhakiki anayemwita Sayyid Abdalla mwizi. Tunamwona kuwa mtu aliyeyasoma mashairi ya Liyongo kwa mapenzi makubwa hata asiweze kuyaacha bila kuyajibu. Katika nathari nako, wahakiki wameonyesha jinsi Shaaban Robert alivyochota kisa cha Adili na Nduguze kutoka Alfu Lela Ulela, na jinsi Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, aliyejitokeza katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, anavyofanana na Sherlock Holmes. Kwa hiyo anachofanya Cath usiku chumbani mwake si kigeni kwetu. Kigeni ni kasi ya intaneti na wingi wa wasomaji.

Hata hivyo, riwaya hii haimpi shabiki ushindi wa bure, na hapo ndipo ninapoiheshimu. Tunaposonga mbele tunaelewa kwamba Cath anakimbilia ulimwengu wa Simon kwa sababu wa kwake una maumivu: mama aliyewaacha wakiwa wadogo, na baba mwenye maradhi ya akili yanayompandisha na kumshusha. Profesa anakosea kuhusu wizi, lakini hakosei anapomtaka mwanafunzi wake ajaribu kusimama juu ya ardhi yake mwenyewe. Mwishowe Cath anaandika hadithi yake bila kuukana ushabiki wake. Takhmisi nayo ndivyo ilivyo: mishororo miwili ni ya mwingine, lakini mitatu sharti iwe yako, na ikiwa dhaifu, beti zima litaporomoka.

Upande wa mapenzi nao una funzo. Levi, kijana anayempenda Cath, anapata taabu kusoma kitabu kwa macho, lakini hushika kila anachokisikia. Cath anamsomea kwa sauti, usiku kucha, riwaya ya S. E. Hinton, The Outsiders, ya mwaka 1967, ambayo mwandishi wake alianza kuiandika akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Mapenzi yao yanakua ndani ya tendo hilo la kusomeana. Sisi ambao tenzi zetu zilitungwa ili zighanwe mbele ya watu hatuna haja ya kuelezwa kwamba anayesikiliza naye ni msomaji kamili.

Mwaka 2015 Rowell alitoa Carry On, riwaya kamili kuhusu Simon Snow mwenyewe, na hasimu wake, Baz, ambaye anageuka kuwa mpenzi wake. Kilichonifurahisha hapa kuliko mazimwi na mapambano ni namna uchawi unavyofanya kazi. Nguvu ya wachawi hawa imo katika maneno: misemo, nyimbo za watoto, kauli za kila siku. Kadiri watu wa kawaida wanavyolitumia neno, ndivyo linavyopata nguvu ya uganga, likisahaulika, hudhoofika. Sijaona maelezo mepesi kuliko haya ya kumpa mwanafunzi anayeuliza kwa nini methali ina uzito ambao sentensi nyingine haina. Methali haikupewa nguvu na aliyeitunga, maana hatumjui. Imepewa na vinywa vyote vilivyoirudia.

Mwenzangu mmoja aliwahi kuniuliza kama mtu wa umri wangu hana la maana zaidi la kusoma. Swali lake ni la haki, na lina sehemu nzito kuliko ile ya umri: vitabu hivi vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa vijana wa nchi nyingine, na vinauzwa na biashara kubwa. Jibu langu ni kwamba wanafunzi wetu tayari wanavisoma. Wengi wanafika kwetu wakiwa na nafsi mbili za usomaji. Moja husoma Kiswahili kwa ajili ya mtihani, ikitafuta maudhui, fani na wahusika. Nyingine husoma Kiingereza kwa raha, hadi usiku wa manane. Tukiendelea kuidharau raha, tutakuwa tumekubali kwamba Kiswahili ni lugha ya mtihani tu. Hiyo ni hasara kubwa kuliko ile ya mwalimu kuonekana amesoma kitabu cha watoto.

Ninapendekeza jambo dogo. Pamoja na insha za uchambuzi, tumruhusu mwanafunzi afanye takhmisi ya nathari: achukue mhusika wa riwaya ya Kiswahili anayempenda, kwa mfano Kongowea wa Siku Njema ya Ken Walibora, amwandikie sura ambayo mwandishi hakuiandika, kisha aeleze na kutetea kila uamuzi wake wa lugha. Atalazimika kuijua kazi ile kwa undani kuliko muhtasari wowote unavyoweza kumfundisha. Na kwa kuwa mtu hamwongezei mishororo mshairi asiyempenda, tutapata pia kujua ni vitabu gani vyetu vinavyopendwa kweli, na ni vipi tunavyovihifadhi kwa sababu ya silabasi peke yake.