Mama Umemwandikia Ngapi?

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Rasbura, Lindi, nikiwa na kompyuta na kiburi kidogo cha shahada ya uzamili. Mama anauza chapati, maharage na samaki wa kukaanga barazani kwetu tangu sijaanza shule. Alitaka kuajiri msichana wa kumsaidia. "Msomi wangu," akaniuliza, "nitamudu?"

Kwa siku sita niliandika kila kilichoingia na kutoka: unga, mafuta, mkaa, samaki. Nikaweka mshahara wa msichana, nikaongeza mchango wa NSSF. Faida ikabaki kiduchu.

"Subiri kwanza, mama."

Hakubishana. "Na mimi umeniandikia ngapi?"

Sikuwa nimemwandikia kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataja saa 45 za kawaida kwa wiki. Mama huzimaliza Jumatano, na Jumapili yupo jikoni.

Tena, aliwahi kuwa na msaidizi: mimi. Nilikanda unga, nikaosha vyombo, nikabeba maji, mpaka nilipokwenda chuo. Pengo langu alilijaza kwa mgongo wake, ule anaoushika kila anapoinuka.

Nikamwandikia mshahara mstari wa kwanza. Biashara ikaonyesha hasara. Kumbe faida yote niliyoisifu ilikuwa jasho lake lisilolipwa.

Tukapandisha bei ya samaki kidogo. Msichana akaanza kwa nusu siku, asubuhi, wateja wanapojaa. Siku ya pili nilimkuta mama amekaa kwenye jamvi, anakunywa chai ingali ya moto.