Kutoka Yambuku hadi Beni: Safari ya Damu ya Wagonjwa wa Ebola

Septemba 1976, daktari kijana wa Kongo, Jean-Jacques Muyembe, alitumwa kutoka Kinshasa kwenda Yambuku, misheni ya Kikatoliki kaskazini mwa nchi, ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Aliwatoa wagonjwa damu bila glavu. Kila alipochomoa sindano, tundu halikuziba. Damu iliendelea kutoka hadi ikamlowesha vidole. Alinawa kwa maji na sabuni, kinga pekee aliyokuwa nayo. Alirudi Kinshasa na mtawa wa Kibelgiji aliyekuwa mgonjwa. Mtawa alifariki; damu yake ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, kwa ndege, ndani ya chupa ya chai iliyotiwa barafu. Ilipofunguliwa, barafu ilikuwa ikiyeyuka na kichupa kimoja cha damu kilikuwa kimevunjika.

Ndivyo ushirikiano ulivyokuwa wakati huo: damu ilitoka Kongo, majibu yakatoka maabara za Antwerp, Porton Down (Uingereza) na Atlanta (Marekani). Mlipuko ule uliwapata watu 318, wakafa 280. Kwa miaka mingi habari za ugunduzi wa Ebola ziliwataja mwanasayansi Mbelgiji Peter Piot na wenzake wa Ulaya na Marekani, ambao kweli walifanya kazi kubwa. Muyembe, aliyetangulia kufika kwa wagonjwa, hakutajwa sana, na huko kulikuwa kumdhulumu.

Mwaka 1995 Ebola ilizuka katika mji wa Kikwit, Kongo, na safari hii yeye ndiye aliyeongoza mapambano. Dawa haikuwepo. Madaktari wa Kongo waliamua kuwaongezea wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 kati yao wakaishi. Wataalamu wengi wa nje walisita kuukubali ushahidi huo, maana hapakuwa na kundi la kulinganishia. Hoja yao ilikuwa na uzito, lakini wazo lenyewe halikuzimika. Miaka 11 baadaye mtu mmoja aliyenusurika Kikwit alikubali kutoa damu tena, nayo ilikutwa bado ina kingamwili. Wanasayansi wa Kongo, Marekani na Uswisi waliichambua wakapata kingamwili moja, mAb114, inayong'ang'ania protini iliyo juu ya kirusi na kukizuia kuingia katika seli.

Kingamwili hiyo ilijaribiwa kama dawa katika mkoa wa Kivu Kaskazini, Kongo, katika mlipuko uliotangazwa Agosti 2018. Jaribio lilipewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, likaongozwa kwa pamoja na taasisi ya utafiti ya Kongo, INRB, chini ya Muyembe, na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Lilianza katika mji wa Beni mwezi Novemba, huku risasi zikilia na wahudumu wa afya wakishambuliwa. Ndani ya vituo vya matibabu, watu waliopona ndio waliowapakata na kuwalisha watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa kuwa miili ya waliopona ilikwishapata kinga.

Wagonjwa 681 waligawiwa dawa nne kwa kura. Agosti 2019 matokeo ya awali yalitosha kusimamisha mgawanyo huo: kati ya waliopewa ZMapp walikufa karibu nusu, waliopewa mAb114 karibu asilimia 35, na waliopewa REGN-EB3 pungufu kidogo ya hapo. Tangu siku hizo wagonjwa walipewa hizo mbili za mwisho tu. Februari 2020 INRB ilifungua maabara Goma, na Desemba mwaka huohuo Marekani iliidhinisha mAb114 kuwa tiba ya Ebola.