Nilimcheka aliyetapeliwa, mathe akanyamaza

Niseme ukweli. Video yangu iliyotazamwa kuliko zote ni ile niliyomcheka jamaa aliyetapeliwa mtandaoni. Nilimalizia na ile methali yetu: wajinga ndio waliwao. Watu wakacheka, mimi nikajiona bingwa. Mathe pia aliiona. Hakucheka, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Wiki chache baadaye ikafika mwisho wa Juni. Unajua ile presha ya kujaza ritani za ushuru kabla ya tarehe 30. Kwetu kompyuta ni moja tu, ile ya mezani iliyo sebuleni. Mathe huitumia kwa kazi mbili: ushuru wa duka lake la nafaka, na hesabu za chama, maana yeye ndiye mweka hazina.

Alhamisi usiku akapata barua pepe. Akaunti yako ya ushuru itafungwa baada ya saa 24, bonyeza hapa uthibitishe. Nembo iko, rangi ziko, Kiingereza kimenyooka. Akabonyeza. Ukurasa ukamwomba anwani yake ya barua pepe na paswadi yake. Siku zote kompyuta humjazia paswadi yenyewe. Siku hiyo haikujaza. Akatoa kijitabu kwenye mkoba, akaiandika herufi moja moja. Ukurasa ukazunguka kidogo, halafu ukampeleka kwenye tovuti halisi ya ushuru, kama vile hakuna kitu kimefanyika.

Hapo roho yake ikamwambia kuna kitu hakiko sawa. Mimi nilikuwa hapo hapo kwenye kochi, simu mkononi. Hakuniambia. Akazima kompyuta, akaenda kulala.

Jumatatu simu zikaanza. Wanachama watatu walikuwa wamepata barua kutoka kwa mathe ikisema namba ya kutuma mchango imebadilika. Wakatuma. Jumla, shilingi 18,000. Na barua hizo zilitoka kwenye akaunti yake kabisa. Wengine walijibu kuuliza kama ni kweli, lakini majibu hayakumfikia. Tulipofungua mipangilio tukakuta mtu ameweka amri: kila barua yenye neno "mchango" itumwe kwingine, kwake ifutwe. Manze, wakora walikaa ndani ya akaunti ya mamangu siku nne nzima, wakisoma polepole.

Nikamuuliza kwa hasira, "Lakini mathe, mbona hukuniambia Alhamisi?"

Akaniangalia, akasema, "Ungenifanyia video."

Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba wanaonaswa ni wajinga. Wataalamu huita wizi huu fishing'i, na kweli ni uvuvi: kuna chambo, kuna ndoano, na kuna samaki mwenye haraka. Machi 2016, John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton kule Marekani, alitumiwa barua iliyojifanya imetoka Google, ikimtaka abadilishe paswadi. Mtu wao wa kompyuta aliulizwa, akaandika kwamba barua ni halali. Baadaye akasema alikusudia kuandika kinyume chake. Barua za Podesta zikaibiwa, na Oktoba mwaka huo huo zikaanza kumwagwa mtandaoni. Kama mtu mwenye timu nzima alinaswa, mamako mwenye duka na haraka ya ushuru je?

Kwa hivyo nilikaa na mathe kwenye ile kompyuta, na haya ndiyo tuliyokubaliana.

Kompyuta ikikataa kujaza paswadi iliyohifadhi yenyewe, simama. Jicho lako linadanganywa na nembo, lakini kompyuta inalinganisha anwani. Ikinyamaza, mara nyingi ni kwa sababu hapo si pale unapofikiria.

Anwani isome mwisho wake, yaani kabla ya ile alama ya / ya kwanza. Mkora anaweza kuanza na jina la ofisi yoyote anayotaka, lakini tovuti ya serikali yetu inafaa kuishia na .go.ke. Na ile picha ya kufuli haimaanishi mwenye tovuti ni mwaminifu. Inamaanisha tu hakuna anayechungulia njiani. Hata mwizi huweka kufuli.

Linki ya ushuru au benki iliyoletwa na barua, usiibonyeze. Andika anwani mwenyewe.

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe, kwa sababu barua pepe ndiyo ufunguo wa kila akaunti nyingine. Na ile kodi inayoingia kwa simu usimsomee mtu yeyote, hata akijiita nani.

Ukishabonyeza na kuandika paswadi, ibadilishe hapo hapo, toa vifaa vyote vilivyoingia, angalia kama kuna amri ya kutuma barua kwingine, halafu waambie watu wako. Sisi ilituchukua dakika 10. Tungeifanya Alhamisi usiku, hakuna mtu angepoteza hata shilingi.

Sheria iko. Ile ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inasema fishing'i ni hatia, faini hadi shilingi 300,000 au jela hadi miaka mitatu. Tuliripoti polisi. Pesa hazijarudi. Mathe analipa zile 18,000 kidogo kidogo kutoka faida ya maharagwe, na kuna mama mmoja wa chama bado anamsalimia kwa mbali.

Ile video niliifuta. Sio kwa sababu nimekuwa mtakatifu, ni kwa sababu ilifunga mdomo wa mtu aliyehitaji kusema neno moja tu: nimebonyeza. Mwizi anahitaji saa chache za kimya, na hizo ni sisi tunampa kwa vicheko vyetu.

Ukifika nyumbani leo, kabla ya kuwafundisha wazazi mambo ya anwani na kufuli, waambie hivi: mkibonyeza kitu, niambieni hata kama ni saa nane usiku, na sitacheka. Halafu usicheke.