Kilo na Kilomita

Kati ya Gitega na Muyinga, kwa mstari ulionyooka, kuna kilomita zipatazo 80. Lakini vilima vya Burundi havijui mstari ulionyooka, na barabara inayopitia Karuzi hupanda, hushuka na kuzunguka mpaka mtembeaji aache kuuliza umebaki umbali gani. Sisi tunaotoka Gitega alfajiri ya Jumamosi kwa nia ya kupunguza uzito hatujawahi kufika Muyinga kwa miguu, na sidhani kama tutafika. Tunatembea kipande, kisha tunageuka. Hata hivyo jina la Muyinga halitutoki midomoni. Mtu akichoka huambiwa, "Twende, Muyinga si mbali," naye hucheka na kukaza mwendo.

Nilijiunga na kundi hili nikiwa na hesabu nyepesi kichwani: kila kilomita ingeondoka na sehemu yake ya kitambi. Sijui hesabu hiyo niliitoa wapi. Labda tumezoea kuliona jasho kuwa malipo, na aliyelipa husimama dukani akingoja bidhaa yake. Miezi ikapita. Miguu ikawa myepesi, na vilima vilivyokuwa vikinitoa pumzi nikavipanda huku nikizungumza. Mizani, lakini, ilisogea kidogo sana, na majuma mengine ilirudi pale pale ilipokuwa. Nikaanza kuitilia shaka mizani kabla ya kuitilia shaka hesabu yangu.

Sehemu moja ya jibu tunaijua sote, na huitaja kwa utani ili isituume. Mwisho wa matembezi huwa kuna mishikaki ya mbuzi, ndizi za kukaanga na bia baridi. Mtu wa kilo 70 akitembea saa nzima kwa mwendo wa wastani hutumia kalori kama 250. Chupa kubwa ya bia peke yake huweza kumrudishia 300 hivi. Kuna wakati natamani kusema tukivunje kikao kile, halafu nasita. Ni pale mezani tulipojuana. Bila kikao, sina hakika kama Jumamosi inayofuata wangekuja hata nusu yetu.

Sehemu ya pili ya jibu niliikuta mbali kidogo, Tanzania, kandokando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2012 mtafiti Mmarekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nishati ambayo Wahadzabe hutumia kwa siku. Wahadzabe wale huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Kutembea ndiyo maisha yao. Lakini ukizingatia ukubwa wa miili, nishati waliyoitumia kwa siku haikupishana na ile ya watu wa Marekani na Ulaya ambao hawatembei kiasi hicho. Pontzer anaeleza kwamba mwili unaotembea sana hubana matumizi yake kwingine. Wako wataalamu wanaobishana naye juu ya kiasi cha kubana huko, nami si mtu wa kuwaamua. Ila niliposoma habari hizo nilipata faraja na huzuni kwa pamoja: faraja kwamba sikuwa mvivu, huzuni kwamba njia niliyoitegemea haikuelekea nilikodhani.

Liko pia jambo lisilo la sayansi, ambalo bado linanisumbua. Barabara ile hatuko peke yetu. Saa tunayopita na viatu vyetu vya michezo, wanawake wanapita na ndizi na mihogo kichwani kwenda sokoni, watoto wanapita na madumu ya maji, na tangu mafuta ya magari yawe adimu nchini, wanapita hata wale waliozoea basi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2016–2017 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nchi hiyo hiyo, mimi natafuta namna ya kupungua.

Asubuhi moja mama mmoja mwenye kapu kichwani aliniuliza tunakwenda wapi. "Hatuendi mahali, mama, tunafanya mazoezi ili tupungue." Akanitazama toka juu hadi chini, bila dharau, akasema, "Basi nipokee hili kapu, mwanangu, utapungua mapema." Tulicheka wote. Nikalibeba mpaka njia panda, na shingo iliniuma hadi Jumatatu. Sijui kama nilipaswa kuona aibu au kubeba tu na kunyamaza. Siku nyingine naona hivi, siku nyingine naona vile.

Halafu kuna Karuzi yenyewe, hapo njiani. Katika hospitali ya Karuzi ndiko Rais wa Burundi, Pierre Nkurunziza, alikofariki tarehe 8 Juni 2020, akiwa na miaka 55; serikali ilitangaza kwamba moyo wake ulisimama. Alikuwa mtu wa michezo, aliyeifundisha chuo kikuu na kucheza mpira hata akiwa madarakani. Silisemi hili ili kumhukumu mtu, wala kudai kwamba mazoezi hayafai. Nalisema kwa sababu kila tunapoitaja Karuzi nakumbuka kwamba mwili hauna mkataba na mtu.

Kwa nini basi bado naamka alfajiri? Shinikizo langu la damu limetulia, na usingizi unanijia mapema. Kutembea huusaidia moyo na sukari ya damu hata pale mizani inapogoma. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Kiasi hicho hakimdai mtu kufika Muyinga. Lakini nadhani kilichonishika zaidi ni watu. Nguvu ya kwenda pamoja Burundi tunaijua, na hata wenye mamlaka wanaijua: mwaka 2014, baada ya vurugu kati ya polisi na wafuasi wa chama kimoja cha upinzani, kukimbia kwa makundi Bujumbura kuliwekewa mipaka. Watu wanaotembea bega kwa bega huambiana mambo wasiyoambiana wakiwa wamekaa. Nimesikia njiani habari za madeni, za ndoa, za kisukari kilichofichwa nyumbani kwa miaka. Mwendo wetu ni wa yule aliye nyuma kabisa, na mimi niliyependa kutangulia nimechelewa kuuzoea.

Kwa hiyo akija mtu mpya akaniuliza atapungua kilo ngapi, simwahidi kitu. Namwambia uzito aanze kuutafuta kwenye sahani na kwenye chupa, na atembee kwa ajili ya moyo. Huenda baadaye nikajifunza jingine na kulirekebisha hili. Kwa sasa, ndugu msomaji, tembea. Tembea na wenzako. Na ukimkuta njiani aliyelemewa na mzigo, mpokee.