Picha ya Leseni

Mihadhara ya wazi katika vyuo vikuu vya Washington na vitongoji vyake mara nyingi haina kiingilio, na aghalabu mwishoni pana kahawa na biskuti. Hata hivyo, ukiingia ukumbini huwakuti wenzetu. Tuko wengi Silver Spring, Langley Park na Hyattsville, wengine ng'ambo ya mto huko Virginia, lakini jioni ya mhadhara utatuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vitabaki. Nawaelewa. Mwenye kazi mbili hataacha zamu ili asikilize habari za "jamii ya kidijitali". Jina lenyewe linachosha.

Mimi huhudhuria kila nipatapo nafasi, na sababu nitaieleza kwa kitu kimoja ambacho wengi wetu tunacho mfukoni: leseni ya udereva.

Chuo cha sheria cha Georgetown hakiko mtaa wa Georgetown. Kiko katikati ya mji, karibu na stesheni ya Union Station ambako madereva wetu wa teksi hupanga foleni. Humo mna kituo cha utafiti wa faragha na teknolojia. Oktoba 2016 kituo hicho kilitoa ripoti kwamba sura za watu wazima zaidi ya milioni 117 nchini Marekani, yaani karibu nusu yao, zimo katika mitambo ya utambuzi wa sura inayotumiwa na polisi. Wengi wao hawakufanya kosa lolote. Walikwenda kupigwa picha ya leseni tu.

Sasa tuje Maryland. Tangu Januari 2014 jimbo hili hutoa leseni hata kwa wasio na makaratasi ya uhamiaji. Ndugu msomaji, ilikuwa furaha kubwa! Mtu aliyeendesha gari miaka mingi akimwomba Mungu taa ya nyuma isiungue, akapata leseni yenye jina lake. Kumbe picha ile ina safari zake. Februari 2020 gazeti la Washington Post liliandika kwamba maofisa wa uhamiaji wa ICE walikuwa wakizipekua picha za leseni za Maryland kwa mitambo ya utambuzi wa sura. Mwaka 2021 baraza la jimbo lilipitisha sheria ya kuwazuia, gavana akaikataa, na Desemba mwaka huohuo baraza likaupiga kura upya ule muswada na kumshinda.

Georgetown wakatoa ripoti nyingine Mei 2022: ICE ilikwisha kuchunguza picha za leseni za takriban mtu mzima mmoja kati ya kila watatu nchini. Tena iliweza kujua makazi mapya ya watatu kati ya kila wanne, kwa kufuata tu kumbukumbu za kuunganishiwa umeme, gesi, simu au intaneti. Unahama, unawasha taa, na umeshajulikana ulipo.

Katika mhadhara mmoja juu ya mambo haya, mzee wa Kimombasa, dereva, alisimama akauliza kwa Kiingereza cha taratibu: "Kwa hiyo mwataka niendeshe bila leseni?" Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Mhadhiri, na kwa hilo namheshimu, hakukimbilia vitabu. Alisema leseni lazima awe nayo. Ugomvi uliopo ni picha ya barabarani ibaki ya barabarani.

Nje kwenye ujia mzee aliniambia, "Mwanangu, hata nyumbani ni yaleyale." Dada yake alipanga foleni tangu alfajiri mwaka 2019 kuandikishwa Huduma Namba. Januari 2020 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kazi hiyo isiendelee mpaka ziwepo kanuni za kutosha, na ikakataza kukusanya DNA. Lakini vidole vya dada vilikuwa vimeshachukuliwa.

Akaniomba nimwandikie zile hesabu za Georgetown kwa Kiswahili, apate kuwasomea wenzake foleni ya Union Station. Nikamwandikia nyuma ya ratiba ya mihadhara.