Kidole Kilichopinda Nacho Ni Kiungo

Mtakatifu Paulo alipowaandikia Wakorinto habari za viungo vya mwili, hakuusahau mguu. Sisi twausahau mpaka utuume.

Nataka kusema habari za kidole cha mguu kilichojikunja kama nyundo. Mara nyingi ni kile cha pili, jirani wa kidole gumba, hasa kikiwa kirefu kuliko wenzake. Kiatu kifupi au chembamba mbele hukisukuma nyuma, na kisigino kirefu huzidisha mzigo. Kidole kikikosa nafasi hujikunja katika kiungo cha katikati. Kikikaa hivyo miaka, kano hufupika na kiungo hukauka. Juu yake, mahali panaposuguliwa na kiatu, huota sugu yenye kuuma. Si viatu peke yake: wengine huzaliwa na umbo hilo la mguu, na wengine huletewa na maradhi ya mishipa ya fahamu.

Mama yangu mzazi anacho kidole hicho, naye ana ugonjwa wa kisukari. Mwaka 2021 jirani mmoja, kwa wema tu, alimkata sugu kwa wembe. Mama hakusikia kitu, kwa maana kisukari huweza kuua fahamu ya miguu. Kidonda kilioza, tukauguza miezi minne, na daktari alisema kidole kilibaki kidogo tu kukatwa. Basi mwenye kisukari asiguswe mguu kwa wembe wala dawa kali ya sugu. Aiangalie miguu yake kila siku, na akiona jeraha aende hospitali mara moja. Tena, hata kwa mtu mzima wa afya, sugu iliyokatwa hurudi ikiwa kiatu ni kile kile.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kinyoshe kidole kwa mkono. Kikinyoka, matibabu bado ni mepesi: vaa kiatu kipana chenye kisigino kifupi, weka kitambaa laini juu ya sugu, nyosha kidole kila siku, na jizoeze kuokota kitambaa sakafuni kwa vidole. Kikiwa kigumu kabisa, kiatu kizuri hupunguza maumivu tu. Kukinyosha ni kazi ya daktari wa upasuaji.

Enyi wazazi, mnapotaka kumnunulia mtoto kiatu cha Komunyo ya kwanza, msimame naye kwanza juu ya karatasi, mchore unyayo wake, mwende nayo dukani au mnadani. Kiatu kikiwa chembamba kuliko mchoro, kiacheni hata kama kinang'aa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya kama sentimita moja. Nendeni jioni, maana miguu huvimba kidogo mchana. Karatasi hiyo haina gharama, na mtoto ataitembelea faida yake hata uzeeni.