Barua kwa Mwanangu Mtengeneza Kadi

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Picha za kadi zako nimezitazama mara nyingi, nikizikuza kwa vidole hadi nione kingo za karatasi. Umeniomba nikwambie ukweli, nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana haya ni mambo ya kusoma ukiwa mezani, mkasi uko karibu.

Nimefurahi sana kwamba mashine ya kukatia maumbo uliyonunua ni ya kuzungusha kwa mkono. Zile zinazounganishwa na kompyuta nazo hukata vizuri, lakini kwa anayeanza, mkono ndio mwalimu. Unaisikia karatasi inavyokubali, unasikia roli zinapokaza, na kabla hujafunua unajua kwamba upande mmoja haukukatika. Umeme nao ukikatika, kazi haisimami.

Sasa kadi zenyewe. Mikato yako ni safi, na rangi umezipanga kwa jicho zuri, hasa ile ya kijani na zambarau. Kinachonisumbua ni kwamba nikizitazama zote pamoja siwezi kujua ipi ni ya nani. Ya bibi yako ina vipepeo, ya mwalimu wako ina vipepeo, na ya yule rafiki yako aliyefiwa na baba yake ina vipepeo vilevile, tena vimenyunyiziwa mapambo ya kumetameta. Kalibu yenye makali ya kipepeo uliyo nayo wewe wanayo watu wengi duniani, na kila mmoja wao akizungusha mkono wa mashine anapata kipepeo hichohicho, mabawa yaleyale, vitundu vilevile. Kipepeo hicho hakijawa kadi. Ni malighafi, kama ilivyo karatasi, kama ulivyo uzi. Kadi inaanza pale unapojiuliza ni nani atakayeifungua.

Shida hii ilikuwapo muda mrefu kabla ya mashine yako. Katika karne ya 19 wachapaji wa Ujerumani walichapa maua, ndege, malaika na watoto kwa rangi nyingi, wakazigandamiza picha hizo ziinuke kidogo, kisha wakazikata kwa kalibu za chuma. Ziliuzwa zikiwa kwenye shiti moja, zimeshikana kwa vijipande vyembamba vya karatasi ambavyo mnunuzi alivikata mwenyewe. Waingereza na Wamarekani walizinunua kwa wingi, wakazibandika kwenye albamu na kwenye kadi. Malaika mmoja aliingia maelfu ya nyumba akiwa na tabasamu moja.

Lakini wakati huohuo huko Worcester, Massachusetts, alikuwapo Esther Howland, binti wa mwenye duka la vitabu na karatasi. Alimaliza masomo Mount Holyoke mwaka 1847, na kadi moja ya Valentino kutoka Uingereza ikamfanya aamini kwamba naye anaweza kutengeneza, tena nzuri zaidi. Akaagiza karatasi za lesi na picha za kukatwa, akawaita wasichana wenzake, wakakaa mezani nyumbani kwao, kila mmoja na kazi yake. Vitu walivyotumia vilikuwa vilevile vya dukani ambavyo kila mtu angeweza kuvinunua. Tofauti ilikuwa katika kuvipanga. Lesi nyeupe juu ya karatasi nyeupe haionekani, kwa hiyo chini yake aliweka kipande cha karatasi ya rangi, na matundu yote yakajitokeza. Akanyanyua tabaka moja juu ya jingine kwa vipande vidogo vya karatasi vilivyokunjwa, ili kivuli kipate pa kukaa.

Hilo la matundu nataka ulishike. Naona katika picha zako kwamba baada ya kukata unachukua kipepeo na ile karatasi iliyobaki unaitupa kapuni. Usiitupe. Karatasi yenye tundu la umbo ni dirisha, na nyuma ya dirisha unaweza kuweka kitu ambacho kalibu haiwezi kukikata: kitambaa kizito, ganda kavu la mgomba, barua ya zamani. Mara nyingi dirisha linapendeza kuliko kipepeo chenyewe.

Kuna mwanamke mwingine ninayempenda zaidi kuliko Howland, naye hakuwa na kalibu wala mashine. Mary Delany, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1700, alianza kukata maua ya karatasi akiwa na miaka 72. Alikuwa na ua halisi mbele yake, akakata kila petali, kila ncha ya ndani ya ua, kila mshipa wa jani, akavibandika kimoja baada ya kingine juu ya karatasi nyeusi. Ua moja liliweza kubeba mamia ya vipande. Pengine alichomeka jani lenyewe lililokaushwa katikati ya yale ya karatasi, na usipoangalia kwa makini hulioni. Alikata hadi macho yalipomwishia, akaacha karibu picha elfu moja, na leo zimehifadhiwa British Museum, London. Habari ya ugunduzi wake alimwandikia binti wa dada yake, mwaka 1772. Utaelewa kwa nini napenda kukutajia hilo.

Sikwambii uache mashine ukate petali moja moja. Ninachotaka ukichukue kwake ni ule utazamaji. Yeye alilitazama ua. Wewe mtazame mtu.

Tuanze na bibi yako. Macho yake sasa yana mtoto wa jicho, na kipepeo chako cha rangi ya maji, hata kiwe kizuri namna gani, kwake ni ukungu. Lakini vidole vyake vimesuka mikeka tangu utotoni. Mtengenezee kadi ya kushika. Kata dirisha kubwa la umbo la jani kwenye manila nzito, nyuma yake bandika kipande cha ukili, na ukingoni shona kwa uzi wa katani, mishono mirefu, ya wazi. Mkonge ulipandwa Pangani kwa mara ya kwanza mwaka 1893, na babu yako alikula jasho lake katika mashamba hayo. Bibi akipitisha kidole juu ya uzi ule hatahitaji mtu wa kumwambia ni uzi gani. Kipepeo kimoja unaweza kumwekea, lakini kikate kwenye kitambaa, na ukibandike mwili tu, mabawa yabaki huru aweze kuyainua.

Kwa rafiki yako aliyefiwa, toa kila kinachometa. Karatasi ya kaki, jani moja lililokatwa kwenye karatasi nyeupe, na nafasi kubwa iliyo wazi. Mfiwa ana mambo mengi kichwani, asipewe kadi yenye kelele.

Vitambaa vya kanga ulivyopewa na mama yako naomba uvitumie kwa heshima. Kanga ina mji, ina pindo na ina jina, na kila sehemu ina kazi yake kwenye kadi. Pindo ni ukingo uliokwisha pangwa: likate kwa rula na wembe, uzungushie kadi, usilipitishe kwenye kalibu kabisa. Mji ndio wa kalibu, hasa ule wenye maua makubwa, maana umbo likiangukia nusu ya ua unapata kitu ambacho hakitapatikana tena hata ukizungusha mashine siku nzima. Jina usilikate katikati. Kama maneno yake yanamfaa unayemwandikia, yabandike ndani ya kadi yakiwa mazima. Kama hayamfai, yaweke kando hadi apatikane wa kumfaa, kwa sababu watu wa kwetu watayasoma na kuyapima, na kadi ya heri inaweza kuleta ugomvi.

Umeuliza kwa nini kitenge kilikufumukia. Kalibu zile nyembamba zimeundwa kwa ajili ya karatasi, na kitambaa kitupu kinateleza chini yake, nyuzi zinaachia. Kipake wanga, kipige pasi, kibandike juu ya karatasi nyembamba, kiache kikauke kabisa, ndipo ukate, upande wa kitambaa ukiangalia makali. Ukili na vitu vigumu usivipitishe kamwe kwenye mashine, utaharibu kalibu. Hivyo ni vya mkasi, vikae nyuma ya dirisha.

Pale karatasi inapokwama kwenye vitundu vidogo vya kalibu, weka kipande cha karatasi ya nta katikati ya kalibu na karatasi yako kabla ya kuzungusha, itaachia kirahisi, na kilichobaki kisukume kwa sindano kutoka nyuma. Upande usiokatika vizuri uongezee karatasi moja nyembamba chini yake, palepale tu, usikaze mashine nzima. Na vile vibao vya plastiki vinavyoibana kalibu vigeuzegeuze. Ukitumia upande mmoja kila siku vitapinda, na vikishapinda mkato hauji sawa tena.

Karatasi ina uelekeo wake. Ikunje polepole bila kuivunja, kwanza hivi, kisha vile. Upande unaokubali kwa urahisi ndio upande wa mkunjo. Kadi yako ya kijani imepasuka mgongoni kwa sababu ilikunjwa kinyume. Kabla ya kukunja, piga mstari kwa rula na kalamu ya bolipeni iliyokwisha wino.

Gundi nyeupe ya maji inatosha kwa kazi nyingi, ila ipake kidogo sana kwa kijiti cha meno. Hewa ya pwani ina unyevu, na karatasi iliyolowa hujikunja, kwa hiyo kadi ilale chini ya vitabu vizito usiku kucha. Gundi ya uji wa ngano usiitumie, mende wataila pamoja na kadi. Selotepu ondoa mezani kabisa, inageuka njano na kuachia. Magazeti pia hugeuka njano na kukatika, kwa hiyo ukitaka maandishi ya gazeti, toa fotokopi kwenye karatasi nzuri, ukate hiyo.

Kuhusu bahasha: karatasi ya A4 ukiikata nusu na kuikunja unapata kadi ya milimita 105 kwa 148, nayo inaingia vizuri kwenye bahasha ya 114 kwa 162. Lakini ukishainua tabaka na kushona shanga, bahasha hiyo itakubana, tafuta kubwa zaidi na uweke kipande cha boksi ndani kama ngao. Vitu vilivyoinuka vikae mbali na kona ya stempu, maana hapo ndipo muhuri wa posta unapopiga.

Umeniambia kuna kamati ya harusi imekuomba kadi 300 za mwaliko. Mwanangu, fanya hesabu. Kadi moja ya tabaka na uzi ikikuchukua dakika 20, hizo ni saa 100, na kamati itakuja na bei ya kiwanda cha uchapaji mkononi. Wape kadi bapa, umbo moja lililokatwa vizuri, karatasi ya rangi ikionekana nyuma yake, majina na ile alama ya Single au Double ya idadi ya waalikwa vichapwe kwa mashine. Kisha mtengenezee bibi harusi mwenyewe moja tu, ya mkono, kutokana na kipande cha kitambaa cha sare yao. Hiyo ataihifadhi, na kazi nyingine zitakuja kwa sababu yake. Wenzako wengi wanasema kadi zimekufa, mialiko yote inakuja kwenye simu. Mimi nakubali kwamba ya simu inafika haraka na haigharimu kitu, na kwa mwaliko inafaa sana. Lakini bibi yako hawezi kuishika.

Jambo ambalo halionekani kwenye picha zako hata moja ni maneno. Umeacha ndani patupu, unangoja kadi ikamilike. Andika kwanza. Karatasi ikiwa bado bapa kalamu inakwenda, ukishabandika shanga na uzi mkono hauna pa kutulia. Zaidi ya hayo, ukishaandika maneno utajua kadi inataka mapambo gani, na mara nyingi utakuta inataka machache kuliko ulivyodhani. Usinunue maneno yaliyochapwa tayari. Mwalimu wako mwandikie somo gani alikufunza na siku gani ulilielewa, sentensi mbili zinatosha. Na mgongoni andika tarehe, mahali, na kitambaa kilikotoka. Delany alifanya hivyo kwa maua yake, jina la ua, siku na mahali, hata na aliyempa, na ndiyo maana leo yanasomeka kama yanavyotazamwa.

Nakutumia kwa basi la Jumamosi kifurushi cha ukili wa rangi tatu na kibunda cha katani iliyochanwa. Ukianza na ya bibi, niandikie vipimo vya hilo dirisha ili nijue kama ukili utatosha, la sivyo nitamwomba jirani asuke mwingine. Mwambie mama yako yale mapindo ya kanga anayoyatafuta yako kwangu, nimeyatia kwenye kifurushi hichohicho, asimlaumu mtu.

Nisalimie wote.

Mama yako mkubwa